Porto Velho, Brazili: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Mji, Mto na Miundombinu

Haya ni maswali yanayorudiwa na watu waliosikia habari za Porto Velho kwa sababu ya mabwawa yake ya umeme, mafuriko, ukame au moshi, kisha wakataka kujua watu wanaishije huko. Yanaanza na mambo ya msingi na kuishia na yale ya pembeni. Pale jibu linapogusa jambo lililoelezwa kwingine, namba ya swali husika imewekwa kwenye mabano.

## Mambo ya msingi

1. Porto Velho uko wapi?

Porto Velho ni makao makuu ya jimbo la Rondônia, kaskazini-magharibi mwa Brazili, kwenye ukingo wa kulia wa Mto Madeira, tawimto kubwa la Amazon ambalo maji yake huteremka kutoka milima ya Andes ya Bolivia na Peru. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi 460,434.

Manispaa yenyewe ina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 34,000, yaani inaizidi nchi nzima ya Ubelgiji, na kati ya makao makuu yote ya majimbo ya Brazili ni hii peke yake inayopakana na nchi nyingine, ambayo ni Bolivia. Kwa hiyo anayesema anaishi Porto Velho anaweza kuwa mkazi wa mtaa wa katikati ya mji, au wa kijiji kilicho mbali kwa safari ya nusu siku (tazama swali la 22).

2. Mbona mji mkubwa hivi hautajwi sana?

Wageni wanaoitafuta Amazon huenda Manaus au Belém, miji iliyojenga majumba ya fahari ya michezo ya kuigiza wakati wa utajiri wa mpira, ule utomvu unaogemwa mitini. Porto Velho ulizaliwa utajiri huo ukiwa ukingoni, nao haukujenga jumba la namna hiyo. Wabrazili wengi wa kusini wanaufahamu kama jina kwenye ramani ya hali ya hewa.

Kwa maoni yetu, sababu ya ndani zaidi ni kwamba karibu kila kitu kilichoupa mji huu umuhimu kilikuwa cha kupita: mpira, dhahabu, soya na sasa umeme. Kila bidhaa ilijengewa njia nzuri ya kutokea, ilhali njia za wakazi wenyewe, za maji safi, majitaka na usafiri, ziliachwa zisubiri. Mengi ya maswali yanayofuata yanatokana na pengo hilo.

3. Mji ulianzaje?

Ulianza kama kambi ya reli. Juu ya hapo ulipo mji, Mto Madeira ulikuwa na mfululizo wa maporomoko yaliyozuia vyombo kupita, na mpira wa Bolivia haukuwa na njia rahisi ya kufika Atlantiki. Katika Mkataba wa Petrópolis wa mwaka 1903, Bolivia iliiachia Brazili eneo la Acre, na Brazili kwa upande wake, pamoja na kulipa fedha, ikaahidi kujenga reli ya kuyazunguka maporomoko hayo. Majaribio mawili ya karne ya 19 yalikuwa yameshindwa.

Ujenzi uliofanikiwa ulianza mwaka 1907 chini ya kampuni ya Mmarekani Percival Farquhar, ukamalizika mwaka 1912, kilomita 366 kutoka Porto Velho hadi Guajará-Mirim mpakani. Zaidi ya watu 20,000 waliajiriwa kwa nyakati tofauti, wengi kutoka visiwa vya Karibi, wengine kutoka Hispania, Ugiriki na kwingineko, na maelfu walikufa kwa malaria, beriberi na magonjwa mengine, hata ikaitwa Reli ya Shetani. Wino wa hati za uzinduzi haujakauka sawasawa, mpira wa mashamba ya Asia ukaiangusha bei ya dunia, na reli ikabaki bila mzigo iliojengewa. Huduma ya kawaida ya treni ilisimama mwaka 1972.

Leo majengo ya kituo, karakana na vichwa vya treni vya mvuke yapo kando ya mto na yanalindwa kama urithi wa taifa. Yamebaki pia matangi matatu ya maji ya chuma yaliyoletwa kutoka Marekani, yenye vichwa vya mviringo na miguu mirefu, ambayo mji umeyaweka kwenye bendera yake. Ni kejeli kidogo kwamba alama ya mji ni matangi ya maji (tazama swali la 10).

4. Wakazi wake ni akina nani?

Ni watu wa tabaka juu ya tabaka. Wapo wajukuu wa mafundi wa reli waliotoka Barbados na visiwa jirani, wenye majina ya ukoo ya Kiingereza ingawa lugha yao ni Kireno. Wapo wazao wa watu wa kaskazini-mashariki ya Brazili walioletwa kugema mpira, wakiwemo wale wa wakati wa Vita Kuu ya Pili walioitwa askari wa mpira. Wapo watu wa asili, kwa mfano Wakaritiana, ambao ardhi yao imo ndani ya manispaa hii hii.

Wimbi kubwa kuliko yote lilikuja kwa barabara. Jimbo lote la Rondônia lilikuwa na watu wapatao 111,000 mwaka 1970. Kufikia 1991 walikuwa zaidi ya 1,130,000, wengi wao wakulima kutoka Paraná na majimbo mengine ya kusini waliovutiwa na ahadi ya ardhi. Baada ya tetemeko la Haiti la mwaka 2010 walifika Wahaiti, na miaka ya karibuni Wavenezuela.

## Umeme na mabwawa

5. Ni kweli kwamba umeme wa Porto Velho hutumika São Paulo?

Ndiyo, sehemu kubwa. Ndani ya manispaa kuna mabwawa mawili: Santo Antônio, lililo kilomita chache tu kutoka katikati ya mji, lenye uwezo wa megawati 3,568, na Jirau, kilomita zipatazo 120 juu ya mto, lenye megawati 3,750. Ili msomaji wa Afrika Mashariki apate picha, Bwawa la Julius Nyerere lililoko Rufiji lina megawati 2,115. Zabuni za mabwawa haya ya Brazili zilifanyika mwaka 2007 na 2008, mitambo ya kwanza ikawashwa mwaka 2012 na 2013, na yote ikakamilika mwaka 2016.

Umeme huo hubadilishwa kuwa wa mkondo mnyoofu karibu na Porto Velho, kisha husafirishwa kwa nyaya kwa karibu kilomita 2,400 hadi Araraquara katika jimbo la São Paulo, ambako hugeuzwa tena na kuingizwa kwenye gridi. Njia hiyo ni miongoni mwa ndefu kuliko zote duniani za aina yake. Sehemu ndogo hubaki kwa ajili ya Rondônia na Acre.

6. Mabwawa haya yana ziwa kubwa la kuhifadhi maji?

Hapana, si kama yale mabwawa ya ukuta mrefu na ziwa la kuwekea akiba. Yamejengwa kwa mitambo inayolala ndani ya mkondo, 50 katika kila bwawa, inayotumia wingi wa maji badala ya kimo cha anguko. Faida yake ni kwamba eneo lililofunikwa na maji ni dogo kuliko ambavyo lingekuwa. Hasara yake ni kuwa uzalishaji unafuata tabia ya mto, ambao wakati wa mvua hupitisha makumi ya maelfu ya mita za ujazo kwa sekunde na wakati wa kiangazi hubakiwa na elfu chache. Mnamo Oktoba 2023 mto ulipungua kiasi cha kulilazimisha bwawa la Santo Antônio kusimamisha uzalishaji kwa muda.

7. Je, wakazi walinufaika na ujenzi huo?

Walinufaika kwa muda, na kwa namna isiyo sawa. Miaka ya ujenzi ilileta ajira kwa makumi ya maelfu ya watu. Kodi za nyumba zikapanda, pikipiki na magari yakajaa barabarani, na maduka makubwa yakafunguliwa. Kitongoji cha Jaci-Paraná, kilichokuwa kituo kidogo kwenye barabara kuu, kilifurika baa, nyumba za wageni na wafanyakazi waliolipwa mwisho wa mwezi. Hali ndani ya kambi haikuwa shwari wakati wote: Machi 2011 wafanyakazi wa Jirau walifanya ghasia na kuchoma mabweni na mabasi. Ujenzi ulipoisha, kazi ziliondoka haraka kuliko zilivyokuja.

Kuhusu mapato ya kudumu, kuna jambo ambalo wageni hawalitarajii. Kwa mujibu wa Katiba ya Brazili ya mwaka 1988, kodi kuu ya majimbo kwenye umeme unaovuka mipaka ya jimbo hutozwa kule unakotumika, si kule unakozalishwa. Umeme ukiwasha kiyoyozi São Paulo, kodi hiyo inabaki São Paulo. Rondônia na manispaa zake hupata fidia ya matumizi ya maji, na sheria ya mwaka 2018 iliongeza fungu la manispaa hadi asilimia 65 ya fidia hiyo. Ni fedha za maana, lakini ni kidogo zikilinganishwa na thamani ya umeme wenyewe.

8. Kwa nini basi watu wanalalamikia bili za umeme?

Kwa sababu kuwa jirani na bwawa hakupunguzi bei. Bei hupangwa kwa kanuni za kitaifa na kwa gharama za kampuni inayosambaza, na katika jimbo lenye watu wachache waliotawanyika gharama hizo ni kubwa. Hadi mwaka 2009 Rondônia haikuwa imeunganishwa na gridi ya taifa. Ilitegemea bwawa dogo la Samuel na mitambo ya dizeli. Kampuni ya usambazaji iliyokuwa ya umma iliuzwa kwa mwekezaji binafsi mwaka 2018, na malalamiko kuhusu mita na viwango yakaongezeka. Tena, katika mji huu kiyoyozi si anasa (tazama swali la 16).

Vijiji vilivyo kando ya mto chini ya mji, kama Calama, vimeishi kwa jenereta za dizeli, huku maji yanayopita mbele yake yakiwa yametoka kwenye mitambo ya megawati elfu kadhaa.

9. Watu waliohamishwa walikwenda wapi?

Waligawanyika. Wakazi wa Mutum-Paraná, kijiji kilichofunikwa na maji ya Jirau, walijengewa Nova Mutum-Paraná, mji mdogo wa nyumba zilizopangwa kwa safu kando ya barabara kuu, wenye lami na umeme lakini mbali na mto uliokuwa ukiwalisha. Wavuvi wa maporomoko ya Teotônio, mahali palipojulikana kwa samaki wakubwa waliokuwa wakiruka kupanda maji, walihamishiwa kwenye kijiji kipya juu ya maji yaliyotulia. Maporomoko yenyewe yamezama.

Samaki ndio waliobeba mzigo ambao ni vigumu kuulipa. Kambare mkubwa aitwaye dourada husafiri kutoka mlango wa Amazon hadi vilima vya chini ya Andes kutaga, safari ndefu kuliko ya samaki mwingine yeyote wa maji baridi anayejulikana. Njia za kupitishia samaki zimejengwa kwenye mabwawa, lakini wavuvi na watafiti wamekuwa wakisema kuwa hazikurudisha hali ya awali.

Mjini nako, mapema mwaka 2012, baada ya bwawa la Santo Antônio kuanza kazi, mawimbi na mikondo ilikula ukingo wa mto katika mtaa wa Triângulo, na familia nyingi zikalazimika kuondoka.

## Maji safi na majitaka

10. Maji ya nyumbani yanatoka wapi?

Kwa kaya nyingi yanatoka chini ya ua wao wenyewe. Mtandao wa bomba wa kampuni ya maji ya jimbo, CAERD, unafikia chini ya nusu ya wakazi, na hata waliounganishwa wengi huweka kisima cha tahadhari.

Mpangilio wa kawaida ni huu. Kwenye kona ya ua kuna kisima kifupi na kipana kilichojengewa pete za zege, chenye mfuniko wa zege au bati. Kwa wenye uwezo, kisima kirefu kilichochimbwa kwa mashine. Pampu ndogo ya umeme huyavuta maji hadi kwenye tangi la plastiki la rangi ya bluu lililokaa juu ya paa au juu ya mnara wa matofali, na kutoka hapo yanashuka kwenye mabomba ya nyumba kwa uzito wake. Umeme ukikatika, tangi huamua familia itaoga mpaka lini. Maji ya kunywa hununuliwa kwa madumu ya lita 20, na kijana wa pikipiki huyaleta hadi mlangoni akiwa na dumu moja au mawili nyuma yake.

Tatizo liko mita chache kutoka kwenye kisima hicho. Kwenye ua uleule, mara nyingi nyuma ya nyumba, kuna shimo la choo. Viwanja ni vidogo, maji ya ardhini yapo karibu na uso wa dunia, na wakati wa masika yanapanda zaidi. Chenye kuzama kwenye shimo moja kina njia fupi ya kufika kwenye kisima.

11. Hivi mji wa mabwawa makubwa unakosaje mfumo wa majitaka?

Hili ndilo swali linaloulizwa kwa mshangao kuliko yote, na lina haki ya kushangaza. Katika orodha ya taasisi ya Trata Brasil inayolinganisha huduma za maji na majitaka katika miji 100 mikubwa ya nchi, Porto Velho umekuwa ukikaa mkiani mwaka hadi mwaka, na mwaka 2024 ulikuwa wa mwisho kabisa. Wakazi wanaofikiwa na mabomba ya majitaka ni chini ya asilimia 10. Yaliyobaki huishia kwenye mashimo, kwenye mitaro ya maji ya mvua, na katika vijito vinavyokatiza mitaa kabla ya kumwagika Madeira.

Sababu ni kadhaa. Mji ulikua haraka kuliko mipango, hasa upande wa mashariki, ambako mitaa mingi ilianza kwa watu kujikatia viwanja. Kampuni ya maji haikuwa na nguvu ya kifedha ya kuwekeza. Wakati wa ujenzi wa mabwawa fedha za shirikisho zilitengwa kwa mradi mkubwa wa majitaka, mradi ukakwama katika hoja za wakaguzi na migogoro ya zabuni. Kisha kuna siasa ya kawaida: bomba lililofukiwa chini ya ardhi halionekani, na kiongozi hukata utepe wa kitu kinachoonekana.

Sheria ya taifa ya mwaka 2020 inaitaka miji yote iwafikishie maji safi asilimia 99 ya watu na majitaka asilimia 90 ifikapo mwaka 2033. Kwa Porto Velho, kutoka pale ulipo, huo ni mlima.

12. Maji ya kisima yanaweza kunywewa?

Yasinywewe bila kuchemshwa au kutiwa klorini, hata yakiwa maangavu. Vituo vya afya vya umma hugawa chupa ndogo za dawa ya klorini bila malipo, hasa wakati wa mafuriko. Malaria nayo ipo katika ukanda huu, zaidi ya aina ya vivax, na matibabu yake ni bure katika mfumo wa afya ya umma. Anayekuja achanjwe homa ya manjano mapema.

## Barabara, madaraja na mto

13. Mtu hufikaje Porto Velho?

Kwa ndege, kwa kawaida kupitia Brasília, São Paulo au Manaus. Kwa nchi kavu, kwa barabara ya BR-364 kutoka Cuiabá, umbali wa kilomita zinazokaribia 1,450. Lami ya barabara hiyo ilikamilika mwaka 1984 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na hakuna kitu kilichoibadili Rondônia kuliko lami hiyo: ilileta watu (tazama swali la 4), na pamoja nao ukataji wa misitu kwa kasi iliyozua lawama duniani kote.

Leo BR-364 ni barabara ya malori ya soya. Mzigo wa Mato Grosso hufika bandari za Porto Velho, hupakiwa kwenye matishari yaliyofungwa pamoja na kusukumwa na boti moja, na kushuka Madeira hadi Itacoatiara, ambako meli za baharini huuchukua. Utaratibu huo ulianza mwaka 1997. Februari 2025 kipande cha Porto Velho hadi Vilhena, karibu kilomita 687, kilinadiwa kwa kampuni binafsi ili kipanuliwe na kulipiwa ushuru.

14. Je, inawezekana kwenda Manaus kwa gari?

Inawezekana, lakini inategemea mwezi. BR-319, yenye urefu wa kilomita zipatazo 885, ilizinduliwa mwaka 1976 ikiwa na lami, na ikaachwa ikafa; kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 ilikuwa haipitiki. Ncha zake mbili zimefanyiwa ukarabati, ila kipande cha katikati, zaidi ya kilomita 400, bado ni udongo. Kiangazi kinapitika kwa vumbi; masika hugeuka tope linaloweza kuzuia basi kwa siku kadhaa.

Mabishano ya kukiwekea lami yamefika mahakamani mara nyingi. Wanaoitaka wanasema Manaus ni mji wa zaidi ya watu milioni mbili usio na barabara ya uhakika ya kuuunganisha na nchi yake, na kwamba mgonjwa hawezi kusubiri mto. Wanaoipinga wanaikumbuka BR-364 na kuuliza ni nani atalinda msitu ulioko katikati, mmoja wa mikubwa iliyobaki mizima. Kibali cha awali cha mazingira kilitolewa mwaka 2022 na kimekuwa kikipingwa tangu hapo. Hoja zote mbili zina uzito, na anayedai kuwa upande mmoja ni wa wajinga hajawahi kukwama kwenye tope hilo, au hajawahi kuona picha za setilaiti za kandokando ya BR-364.

Wengi bado huchagua boti. Abiria hutundika vitanda vyao vya kitambaa kwenye sitaha, bega kwa bega, na kuteremka Manaus kwa siku zipatazo tatu. Kupanda huchukua muda zaidi. Maji yakipungua, boti husafiri mchana tu kwa kuogopa fungu za mchanga.

Kuvuka mto kwenyewe kumekuwa rahisi. Daraja la Rondon-Roosevelt, lenye urefu wa karibu kilomita moja, lilifunguliwa Septemba 2014 pembeni mwa mji na kuiondoa pantoni ya BR-319. Daraja la Abunã, kwenye njia ya kwenda Acre, lilifunguliwa Mei 2021. Kabla ya hapo jimbo zima la Acre lilitegemea pantoni.

15. Ndani ya mji watu husafirije?

Zaidi kwa pikipiki zao wenyewe. Mabasi yapo lakini ni machache na husubiriwa sana, kwa hiyo bodaboda, ambazo zina leseni ya manispaa, na magari ya kuitwa kwa simu hujaza nafasi. Jua la saa saba mchana kwenye kituo kisicho na kivuli huwafundisha watu kununua pikipiki mapema.

Wenyeji wakizungumzia miradi iliyokwama hutaja barabara za juu za BR-364. Zilianza kujengwa mwaka 2009 wakati wa neema ya mabwawa, zikaachwa nguzo zikiwa wazi, na kwa miaka mingi dereva alizunguka chini ya madaraja yasiyoelekea popote. Makandarasi walibadilishwa zaidi ya mara moja kabla ya magari kupita juu.

## Maisha ya kila siku

16. Hali ya hewa ikoje?

Joto na unyevu mwaka mzima, mchana ukifika nyuzi 33 hadi 36 bila shida. Mvua hunyesha sana kati ya Novemba na Aprili, na Juni hadi Agosti ni kavu. Wenyeji huuita msimu wa mvua "baridi" hata kama jasho linawatoka. Baridi ya kweli huja mara chache kati ya Mei na Agosti, upepo wa kusini unapopenya hadi Amazon na kuliangusha joto chini ya nyuzi 20 kwa saa chache. Siku hizo utaona makoti yaliyokaa kabatini mwaka mzima.

17. Na ule moshi unaotajwa kwenye habari?

Agosti na Septemba ni miezi ya kuchoma malisho na misitu iliyokatwa, huko Rondônia, kusini mwa jimbo la Amazonas na Bolivia, na upepo huuleta moshi mjini. Mwaka 2024 hali ilikuwa mbaya kupita kiasi: jua lilionekana kama sahani nyekundu saa nne asubuhi, ndege zilifutwa au kuelekezwa kwingine kwa kukosa mwonekano, na vituo vya afya vikajaa watoto na wazee wenye kukohoa. Mwenye pumu asipange safari katika miezi hiyo.

18. Watu wanakula nini?

Wali, maharage na nyama, kama Brazili yote, pamoja na samaki na muhogo wa Amazon. Rondônia huongoza nchini kwa kufuga tambaqui, samaki mnene ambaye mbavu zake huchomwa juu ya makaa na kuliwa kwa mkono. Unga wa muhogo wa njano, wenye chembe ngumu zinazolia menoni, hunyunyizwa juu ya karibu kila kitu.

Jioni, magari madogo ya kusukuma hutoa tacacá: maji ya muhogo mchungu yaliyochemshwa muda mrefu hadi sumu iishe, uji mzito wa wanga wa muhogo, kamba wakavu, na majani ya jambu yanayotia ganzi ulimi. Hunywewa moto kutoka kwenye kibuyu, hata kama hewa yenyewe inachemka. Anayetoka pwani ya Afrika Mashariki atautambua muhogo, ila ganzi itamshtua.

19. Usalama ukoje?

Tahadhari inahitajika. Magenge yanayogombea njia za kokeini ya Bolivia na Peru yamejipenyeza katika mitaa ya pembeni na katika makazi ya ruzuku ya serikali kama Orgulho do Madeira. Januari 2025 mashambulizi ya magenge yalisababisha mabasi kuchomwa moto, usafiri wa umma ukasimama, na serikali kuu ikatuma kikosi cha kitaifa. Katika siku za kawaida, hatari anayokutana nayo mkazi ni wizi wa simu na ajali za pikipiki.

## Maswali ya pembeni

20. Mafuriko ya mwaka 2014 yalisababishwa na mabwawa?

Chanzo kilikuwa mvua kubwa mno katika vyanzo vya mto huko Bolivia na Peru. Madeira ulifika mita 19.74 mwishoni mwa Machi 2014, kiwango ambacho hakijapata kufikiwa tangu vipimo vianze. Vitongoji vya São Carlos na Nazaré vilizama, eneo la kihistoria la reli likaingiwa na maji, na BR-364 ilifunikwa kiasi kwamba Acre ilikatika na nchi kwa njia ya barabara.

Swali linalobishaniwa ni kama mabwawa yaliongeza kina na muda wa maji, hasa upande wa juu, kwa kupunguza kasi ya mto unaobeba mashapo mengi mno. Mahakama ya shirikisho iliagiza athari zichunguzwe upya. Kusema "mabwawa ndiyo yaliyoleta mafuriko" ni kuzidisha; kusema hayakuhusika hata kidogo ni kudharau ushahidi wa watu walioona maji yakikaa mahali ambapo hayakuwahi kukaa.

21. Nilisoma kuwa mto ulishuka chini ya sentimita 25. Mtu angeweza kuuvuka kwa miguu?

Hapana. Oktoba 2024 kipimo cha Porto Velho kilionyesha chini ya sentimita 25, rekodi ya chini kabisa, lakini sifuri ya kipimo hicho si sakafu ya mto. Ni alama iliyowekwa zamani ili kulinganisha miaka, na chini yake bado kuna mita kadhaa za maji kwenye mkondo mkuu. Kilichotokea kilikuwa kibaya vya kutosha: fukwe za mchanga ziliibuka katikati ya mto, matishari yakapunguza mzigo au kusimama, na vijiji vya kando ya mto, ambavyo visima vyake vilikauka, vikangoja maji ya kunywa yaletwe kwa boti.

22. Extrema iko kilomita zaidi ya 300 kutoka mjini. Kwa nini bado ni Porto Velho?

Kwa sababu mipaka ilichorwa pale magharibi palipokuwa na watu wachache. Extrema na Nova Califórnia, zilizoko karibu na Acre, ziliwahi kugombewa na majimbo hayo mawili kabla ya kubaki Rondônia. Wakazi wa huko hufanya ununuzi na matibabu mengi Rio Branco, makao makuu ya Acre, na kwa miaka mingi wamedai manispaa yao wenyewe. Meya wao anakaa mji ambao baadhi yao huufika mara moja kwa mwaka.

23. Nikitaka kumpigia mtu aliyeko Porto Velho kutoka Nairobi au Dar es Salaam, nipige saa ngapi?

Porto Velho uko nyuma kwa saa saba mwaka mzima, na saa sita kwa aliyeko Lubumbashi. Saa sita mchana ya Dar es Salaam ni saa kumi na moja alfajiri kule. Muda unaofaa pande zote ni kuanzia saa tisa alasiri hadi saa nne usiku za Afrika Mashariki. Kwa ndugu walioko vijiji vya chini ya mto, acha ujumbe wa sauti, nao watausikia watakapopata mtandao.